Ganda la Nyenje

Ifikapo Agosti, katika mabustani ya miji ya Japani, miti huvaa mapambo ambayo hakuna mkono uliyoyatundika. Ni maganda madogo ya rangi ya asali, yaliyoshika magome kwa kucha zao kana kwamba bado yana safari ya kupanda. Kila ganda lina macho, lina miguu sita, lina tumbo lenye mikunjo. Halikupungukiwa na kiungo hata kimoja, ila mwenyewe hayumo. Mgongoni pana ufa mwembamba ulionyooka, na huo ndio mlango aliotokea. Juu ya matawi kelele za nyenje zinaupasua mchana. Chini ya mti, mtoto mwenye kofia ya majani makavu anabandua ganda moja taratibu, kwani akivuta kwa pupa mguu utabaki mtini, kisha analiweka kifuani mwa fulana yake. Kucha zile zinashika nguo kama zilivyoshika gome, na mtoto anakwenda zake akiwa amevaa mgeni asiyekuwepo.

Nyenje anayezungumzwa hapa ni yule wa mtini, apigaye kelele jua likiwa kali, si yule mwenzake wa pembeni mwa ukuta aliaye usiku. Maisha yake ni ya ajabu hata kwa wanaoyajua. Tunutu wake huzama ardhini angali mdogo kabisa, akakaa humo miaka kadhaa gizani akifyonza maji ya mizizi. Jioni moja ya kiangazi hutoka, hupanda shina, hujishikiza, kisha mgongo wake hupasuka. Ndani yake hutoka mwili mwingine, laini, mweupe unaokaribia kijani, wenye mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyofumbatwa. Kukipambazuka mabawa yamekwisha kunyooka na kukauka. Atakayoishi juani ni majuma machache tu. Yale marefu aliyaishi chini, ndani ya lile ganda aliloliacha.

Mmoja wa watoto waliokulia katika mapenzi haya ya kukamata wadudu alikuwa Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kulelewa Machida, upande wa magharibi wa Tokyo. Wakati huo Machida ilikuwa bado na mashamba ya mpunga, mito midogo, mabwawa na vichaka. Wenzake walimbandika jina la Daktari Mdudu, na jina hilo hakulichukia. Alijua kwamba ukilaza jiwe chini ya mti, kesho yake asubuhi huenda ukamkuta chini yake mdudu aliyekuja kujilaza. Maarifa ya namna hii hayafundishwi darasani. Mtoto huyapata kwa kushinda nje mpaka mama anapomwita.

Lakini miaka ile Japani ilikuwa inajengwa mbio. Karibu na hapo ulianza kuinuka mji mpya wa Tama, ambao sehemu yake imo ndani ya mipaka ya Machida, na mwaka 1971 wakaazi wa kwanza walihamia katika majengo yake. Vilima vilisawazishwa, mashamba yakapimwa viwanja, mabwawa yakafukiwa. Tajiri mwenyewe alikuja kusimulia baadaye jinsi bwawa la kuvulia samaki lilivyogeuka jumba la michezo ya mashine. Na mtoto yule, ambaye jana alikuwa akienda bwawani, kesho yake alikwenda palepale, ila sasa aliinamia kioo chenye mwanga badala ya maji. Hakuhama mahali, mahali ndipo palipomhama.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1983 alianza kutoa jarida dogo juu ya michezo ya mashine, kurasa zake akiziandika kwa mkono, na akaliita Game Freak. Ken Sugimori, mchoraji, alijiunga naye. Mwaka 1989 jarida likageuka kampuni ya kutengeneza michezo, na mwaka huohuo kikatokea kile kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, Game Boy, ambacho kiliweza kuunganishwa na cha mwenzio kwa waya. Wengine waliuona waya ule kama njia ya watu wawili kushindana. Tajiri aliona wadudu wakitambaa juu yake, wakitoka chombo kimoja kwenda kingine, kama vile watoto wa Machida walivyokuwa wakibadilishana vijidudu vilivyo ndani ya matundu. Baada ya kazi ya miaka mingi, tarehe 27 Februari 1996, mchezo wa Pokémon ulitoka ukiwa na viumbe 151 wa kusakwa vichakani, kukamatwa, kulelewa na kubadilishwa. Na katika mapambano ya mchezo huo hakuna kiumbe anayekufa. Anayeshindwa huzimia tu, na hilo Tajiri alilikusudia.

Wapo wanaolaumu. Husema kwamba michezo hii ndiyo iliyowatoa watoto mitini na kuwafungia vyumbani. Kwamba mtu aliyelilia kichaka ndiye aliyewapa watoto sababu ya kutokwenda kichakani. Lawama hiyo haifai kupuuzwa, maana ina sehemu ya ukweli. Lakini kwa mtoto wa Machida kichaka kilikuwa kimekwisha kuondoka kabla ya mchezo kuja. Suala lake lilikuwa jingine, na ni gumu zaidi: kitu kikishakwenda, je, lile umbo kilichokuwa nacho lina thamani yoyote? Wahenga wa pwani walikwisha kulitolea jibu lao: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Aliyetafuna muwa amekwisha kuusahau na ganda amelitupa njiani. Chungu hakuwahi kuuona ule muwa ulipokuwa na maji yake, lakini kwake yeye utamu uliosalia ni mavuno kamili.

Jibu la Game Freak lilikuja katika umbo la mdudu, mwezi wa Novemba 2002, ilipotoka michezo ya Ruby na Sapphire. Nchi inayosimuliwa humo, Hoenn, ni ya kubuni, ila umbo lake limechukuliwa kutoka kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Pembezoni mwa njia moja ya nchi hiyo, ndani ya majani, hupatikana kiumbe mdogo aitwaye Nincada. Ni tunutu wa nyenje kwa kila hali: mweupe, karibu kipofu, mwenye kucha za kuchimbia, akaaye mizizini na kupapasa giza kwa papasi zake. Hana sifa ya kumfanya mtoto amtamani. Ni mdhaifu, na huhitaji subira nyingi.

Mtoto akivumilia kumlea hadi daraja la 20, Nincada hugeuka. Kioo hung'aa, na anayetokea ni Ninjask, nyenje kamili mwenye mabawa, mmoja wa viumbe wenye mbio kupita wote katika mchezo mzima, ambaye mbio zake huzidi kadiri pambano linavyoendelea. Mtoto hufurahi, akadhani mambo yamekwisha. Hapana tangazo linalotolewa, wala mtu wa mchezoni anayekuja kumwambia kitu. Ila siku hiyo au kesho yake, akifungua orodha ya viumbe anaotembea nao, ambao idadi yao haizidi sita, hukuta mmoja asiyemkamata. Jina lake ni Shedinja. Ni lile ganda. Limeingia lenyewe na kukaa katika nafasi iliyokuwa wazi.

Na hapo ndipo ilipo siri yenyewe: lazima nafasi iwe wazi. Mtoto ambaye safu yake ya sita imejaa, aliyejikusanyia mashujaa mpaka hapana pa kuongeza, atampata Ninjask na basi. Ganda halitamjia, na wala hatajua kwamba lilikuwepo. Kuanzia michezo ya mwaka 2006 liliongezwa sharti la pili, kwamba katika mfuko pawe na tufe moja la kukamatia lisilo na kitu ndani. Yaani ili kukipokea kitu kitupu, mtu awe ameacha utupu wa kukipokelea. Mchezo wote umejengwa juu ya tamaa ya kukusanya, na ndani yake wakaficha kiumbe mmoja ambaye hapatikani na aliyejaza.

Ukimtazama Shedinja, hana zaidi ya alichokuwa nacho ganda la mtini. Mwili wake ni mkavu, wa rangi ya udongo, na hauchezi. Mabawa anayo lakini hayapigi. Huelea tu hewani. Juu ya kichwa chake pana duara jeupe, kama lile ambalo wachoraji wa Ulaya huwatilia watakatifu wao. Mchezo umemhesabu kuwa mdudu na mzuka kwa pamoja. Kila kiumbe katika mchezo huu ana kipimo cha uhai kinachoongezeka kadiri anavyokua: kumi, hamsini, mia na zaidi. Shedinja ana moja. Akifikishwa daraja la 100, upeo wa madaraja yote, bado atakuwa na moja. Hukua katika kila jambo, isipokuwa katika pumzi.

Lakini pumzi hiyo moja imezungushiwa ulinzi ambao hakupewa mwingine wa jinsi yake. Mapigo ya aina nyingi, yawe na nguvu kiasi gani, hayampati. Radi humpita, mawimbi humpita, ngumi humpita kama inayopigwa kwenye moshi. Mapigo yanayomweza ni ya aina tano tu: ya moto, ya warukao, ya mwamba, ya mizuka na ya giza. Akiguswa na mojawapo, hata kwa kidole, amekwisha. Aidha, hana kinga ya vile vidogo visivyokuwa pigo: sumu ikimwingia, au dhoruba ya mchanga ikivuma uwanjani, chembe ya kwanza humtosha. Wanaomtumia wanajua kwamba hawana shujaa mkononi. Wana kitu ambacho majabari hawakiwezi, lakini upepo wenye vumbi unakiweza. Je, kumbukumbu ya mtu aliyekwenda si hivyo hivyo? Hoja kubwa haziitikisi, na kitu kidogo kama harufu ya nguo iliyofuliwa huweza kuizima au kuiwasha.

Kuna jambo jingine. Katika kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya mchezo, mtoto huonywa kwamba yasemwa Shedinja huchukua roho ya mtu atakayechungulia ndani yake kupitia ule ufa wa mgongoni. Sasa, michezo hii ilivyopangwa, kiumbe wa mpinzani huonekana kwa mbele na wa mchezaji huonekana kwa nyuma. Mpinzani atauona uso wa Shedinja. Mwenye kumlea, kila anapompeleka uwanjani, huwekwa palepale alipokatazwa, mbele ya ufa wazi. Adui hana hatari na ganda la mtu. Hatari ni ya mwenyewe aliyelipenda, maana ndiye anayesimama upande wa ufa.

Mambo haya hayakuzuka na mashine. Wajapani wana neno la kale, utsusemi. Asili yake lilikuwa na maana ya mtu aishiye katika ulimwengu huu. Katika Man'yōshū, diwani yao kongwe iliyokusanywa karne ya nane, neno hilo huandikwa pengine kwa alama mbili zenye maana ya nyenje mtupu. Mwandiko ukaivuta maana, na kuanzia hapo maisha ya dunia na ganda lililoachwa mtini vikawa kitu kimoja katika masikio ya washairi. Mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, Murasaki Shikibu aliitumia picha hiyo katika Hadithi ya Genji. Katika sura ya tatu, mwanamke anayefuatwa na mwana wa mfalme hutambua usiku kwamba anakuja, akateleza nje ya chumba na kuliacha joho lake jepesi pale alipolala. Genji anaondoka na joho lile. Hana mwanamke, ana nguo yenye harufu yake, na kwa sababu ya nguo hiyo mwanamke yule anaitwa Utsusemi hadi leo.

Uchina nako, katika zama za Han, maiti za wakubwa ziliwekewa kinywani, juu ya ulimi, nyenje aliyechongwa kwa jiwe la jade. Waliomwona mdudu akitoka ardhini, akivua mwili na kupaa, walitaka wafu wao wafundishwe njia hiyo. Na katika hadithi za ninja, ambazo watoto wa Japani wamekuwa wakizisoma na kuzitazama kwa miaka mingi, imo hila iliyopewa jina lilelile la utsusemi: shujaa hupigwa upanga, na adui akitazama anakuta amekata nguo tupu. Waliompa jina Shedinja kwa Kijapani waliyaunganisha yote hayo. Wamemwita Nukenin, neno linalosikika kama ninja mtoro na papo hapo kama ganda lililovuliwa.

Hata hivyo mchezo umefanya jambo ambalo hadithi hazikulifanya. Katika hadithi, aliyetoroka ndiye mwenye kisa, na nguo ni ushahidi tu. Hapa ganda limepewa nafasi yake, limepewa jina, na limeachiwa yote ambayo Nincada alijifunza. Mapigo aliyofundishwa alipokuwa gizani, Shedinja anayo. Tabia aliyozaliwa nayo, Shedinja anayo. Swali la nani kati ya wawili hao ndiye Nincada halina jibu jepesi. Ninjask ana mwendo, lakini mwendo ni wake mpya. Ganda ndilo lililokaa ardhini, ndilo lililogusa mizizi, ndilo lililokuwa likijulikana. Kila aliyewahi kuishi mahali ambapo vijana huondoka na nyumba hubaki analifahamu jambo hili bila kufundishwa. Aliyeondoka amepata mabawa, na hapana haki ya kumlaumu. Lakini ukitaka kujua alikuwa nani, utakwenda kuiuliza nyumba.

Kwa jicho hilo, mchezo wenyewe ni ganda. Bwawa la Machida limekwenda, na halitarudi kwa kuchorwa. Kilichobaki ni umbo lake: majani marefu yanayotikisika, moyo unaodunda kabla kilichomo hakijaonekana, furaha ya kumwonyesha mwenzio. Mtoto aliyezaliwa ghorofani hakuuona muwa. Akilichukua ganda na kulifanya mavuno, hajadanganyika. Angedanganyika lau angeambiwa kwamba ganda ndilo muwa, na wabunifu wa Shedinja hawakumwambia hivyo. Walimwonyesha ufa.

Na ganda nalo lina muda wake. Kaseti za mwaka 1996 zilihifadhi kumbukumbu kwa nguvu ya betri ndogo iliyo mviringo kama sarafu, na betri ikifa, viumbe wote waliolelewa hutoweka kwa pamoja, ikabaki plastiki yenye picha. Kaseti za Ruby na Sapphire zilitengenezwa kwa namna nyingine. Kwao betri haitunzi viumbe, inatunza saa. Ikiisha, mchezo hutoa taarifa kwamba waweza kuendelea kuchezwa, ila yale yanayokwenda kwa saa hayatatokea tena. Matunda yaliyopandwa hayakui. Ufukweni mwa Hoenn kuna pango ambalo maji yake hupwa na kujaa kila baada ya saa sita, na mwenye kulisaka hulazimika kungoja maji kama angojavyo mvuvi. Betri ikifa, maji ya pango hilo husimama pale yalipo. Watu wa visiwani ndio watakaoelewa upesi kuliko wengine maana ya bahari isiyopwa.

Leo hii, mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 2002 ni mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini. Michezo mipya ya Pokémon iliyotoka mwaka 2022 haikumchukua Nincada wala wale wawili wanaotokana naye, hivyo mwenye kumtaka humrudia katika kaseti za zamani. Wapo wanaozifungua kaseti hizo, wakaitoa betri iliyokufa kwa ncha ya moto ya kulehemu na kuunganisha mpya mahali pake. Ni kazi ya dakika chache, na mkono ukitetemeka huharibu kila kitu. Kisha huirudisha kaseti, huwasha, hungoja.

Maji ya pango yanaanza tena kupwa. Katika orodha, Ninjask yupo juu, na miongoni mwa waliomo kuna mmoja ambaye hakukamatwa na mtu. Kipimo chake cha uhai ni kilekile alichoachwa nacho miaka yote hiyo: moja. Mwenyewe anampeleka uwanjani, na Shedinja anaelea bila kupiga bawa, mgongo wake ukiwa umemwelekea.